Bilauri ya Mgema

Miaka kumi na tisa nyuma ya kaunta hii ya mbambakofi,
Malindi, barabara ya Casuarina, mlango wenye pazia la shanga,
na sijamimina wiski katika chombo kisichoistahili
ila mara moja. Nitafika huko.

Wewe, Ngala, umeniuliza asubuhi:
kwani vioo vyote si vioo?
Haya. Sogea.

Hii fupi, nene, yenye kitako kizito,
ni ya mwenye kutaka barafu. Ishike. Inakaa kiganjani
kama neno ulilokwisha kuamua kulisema.
Ni ya madalali wa viwanja:
bei ikipanda, wanaigonga mezani, na haivunjiki.

Hii ndefu ni ya soda na haraka,
ya mgeni aliyeungua mabega
anayetaka baridi kwanza, mengine baadaye.

Na hii (si hapo, shika shina)
tumbo pana, shingo nyembamba,
mdomo umejikunja kama wa mtu anayetaka kupiga mluzi.
Harufu ikipanda inakosa njia, inajikusanya,
inangoja pua.
Usizamishe pua yote, utachomeka.
Achama kidogo, vuta polepole, utasikia
moshi wa kuni mbichi, ganda la chungwa,
kamba ya katani iliyolowa.
Ukisikia spiriti tupu, umeharakisha,
au umeiosha kwa ile sabuni ya limau.
Nani alikwambia sabuni ya limau?

Kisha maji. Matone matatu.
Baba yangu alikuwa mgema kule Jilore,
na mgema akisifiwa tembo hulitia maji;
hapa mteja analipa elfu mbili,
anatia maji mwenyewe,
na anayesifiwa ni yeye.
Nilipomsimulia baba, mnazi ulimtoka puani.

Bilauri yake ilikuwa mboko na mrija.
Hakuja hata siku moja kuniona nikimimina.
"Nyumba ya vioo," alisema,
"mtu atakohoa wapi?"

Alikufa mvua za vuli zikianza.
Bwana Tarcisio alinipa ruhusa ya siku nne
na robo ya chupa, ya miaka kumi na minane.
Bilauri hakunipa. Nilichukua.
Niliitia ndani ya soksi, soksi ndani ya kofia,
kofia kwapani, mpaka Jilore,
haikupata hata ufa.

Usiku wa mahanga, ngoma zikiwa upande wa pili wa boma,
nikachuchumaa kaburini na kipimo changu.
Nikamimina. Matone matatu. Nikazungusha.
Mwanga wa chemli ukaingia tumboni mwa kioo ukakaa.

Shangazi Mbeyu akaitazama sana.
"Nzuri," akasema. "Lakini ndugu yangu ataingizaje pua humo?
Na udongo, Changawa, unapiga mluzi?"
Akanipa kifuu, cheusi kwa masizi,
ukingo umelika upande mmoja.

Nilitaka kumweleza habari ya shingo,
habari ya harufu kupotea.
Nikamimina tu.

Na harufu ikapotea kweli, yote kwa mkupuo mmoja,
ikaenda kwa kila aliyekuwa pale:
kwa Mbeyu, kwa watoto waliojificha nyuma ya jamvi,
kwa mbwa, akapiga chafya.
Nikasikia chungwa. Nikasikia moshi.
Halafu kitu ambacho bilauri haijawahi kunipa,
mafuta ya nazi kuukuu,
jasho la mtu ashukaye mnazini saa kumi na mbili asubuhi.

Nikainamisha kifuu.
Udongo ukanywa, haukusema kama umependa.

Bilauri niliirudisha. Ndiyo hiyo uliyoishika.
Kifuu kiko chini ya kaunta, nyuma ya mnanaa;
hakimo kwenye orodha,
na hajatokea wa kukiomba.

Sasa ifute tena, Ngala, uinue kwenye taa.
Umeniachia dole gumba.